Kidakio ni Kilima Chote

Maneno haya niliyasema mbele ya mkutano mkuu wa kijiji chetu huku Mufindi, mwishoni mwa kiangazi, kijito kikiwa kimebaki upana wa kurukwa na mtoto. Waliokuwa safarini siku ile waliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikiacha tu maswali yaliyonikatiza katikati.

Mwenyekiti wa kijiji, Afisa Mtendaji, wazee wangu, mama zangu, kaka zangu, na nyinyi wanangu mliosimama kule nyuma kivulini: Kamwene.

Nimepangiwa kusoma taarifa ya jumuiya yetu ya watumia maji. Taarifa ninayo hapa, kurasa tatu, na Mtendaji ataibandika ukutani pale ofisini ili kila mtu aisome kwa nafasi yake. Mniwie radhi, leo sitaisoma. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita, na nisipolisema hapa mbele yenu sitapata mahali pengine pa kulisemea.

Mwezi uliopita kamati yetu ilimtoza faini mama mmoja wa kitongoji cha bondeni kwa kulima kinyungu, yaani kishamba cha bondeni cha wakati wa kiangazi, karibu na maji. Mama huyo yupo hapa, na ameniruhusu niseme habari yake. Mimi ni mjumbe wa kamati ile. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu. Tulipima kwa hatua, tukaona mahindi yake yamesogea ndani ya zile mita 60 za kando ya maji zinazokatazwa na sheria, tukaandika risiti. Alilipa. Alipokwisha kulipa akanitazama, akasema: “Mwalimu, mimi niko chini kabisa. Maji yananifikia yakiwa yameshapita kwa kila mtu. Mbona faini inaanzia kwangu?”

Sikuwa na jibu. Nimefundisha miaka mingi na si kawaida yangu kukosa jibu. Nikarudi nyumbani, nikakaa mlangoni nikakitazama kile kilima, na mengi nitakayosema leo nimeyapata kwa kukitazama.

Wataalamu wa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ambao ofisi yao iko Iringa mjini, wana neno wanalolitumia kila wanapokuja hapa: kidakio. Tumelizoea, tunaitikia “ndiyo, ndiyo, kidakio”, na wengi wetu tunadhani ni jina lingine la chemchemi. Lisikilizeni vizuri. Kudaka. Mtoto aliyesimama golini anadaka mpira. Kidakio ni mahali panapodaka mvua. Na mvua hainyeshi kwenye chemchemi peke yake. Inanyesha kwenye paa la kanisa, kwenye shamba la viazi la mzee wangu aliyekaa pale mbele, kwenye kiwanja cha shule, kwenye barabara ya kwenda mashine ya mbao, kwenye misindano, ile miti ya paina, ya yule aliyenunua ardhi hapa na hatujawahi kumwona mkutanoni. Kila mahali ambapo tone likianguka linaelekea kwenye kijito chetu, hapo ni kidakio. Ukisimama kwenye mgongo wa kile kilima, tone likianguka upande huu wa kiatu chako ni letu, likianguka upande wa pili ni la jirani zetu.

Naomba tupige hesabu kidogo, na vijana wanisaidie. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Ekari moja ina takribani mita za mraba 4,047. Basi mvua moja nzuri ya Januari, ya milimita 50, inamwaga kwenye ekari moja zaidi ya lita 200,000. Kwa ndoo zetu za lita 20, ni ndoo 10,000. Kwenye ekari moja, kwa mvua moja! Sasa kitazameni kilima chote, mkumbuke na mvua ngapi zinanyesha tangu Novemba hadi Aprili. Hatujanyimwa maji. Tunayapata kwa wingi kuliko tunavyoweza kuyahesabu, halafu ifikapo Septemba mama anaamka saa 10 usiku kuwahi foleni kisimani.

Yanakwenda wapi? Yanapita juu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Ikishakata mwezi wa nne au wa tano, kila ndoo mnayochota hadi Novemba nyingine ni mvua ya zamani, iliyozama ardhini ikatunzwa humo na sasa inatoka polepole. Udongo wenye majani yaliyooza, wenye mizizi, wenye vijishimo vya minyoo na mchwa, unayameza maji. Udongo uliochomwa moto kila mwaka na kulimwa kwa matuta yanayoshuka na mteremko unaganda juu kama sakafu, na maji yanateleza. Wenyewe mnaliona jambo hili kila mwaka: mvua ikinyesha, ndani ya nusu saa kijito kinajaa, kimekuwa chekundu kama chai ya maziwa, kinabeba mabua na mbolea ya dukani mliyoinunua kwa shida. Kesho yake kimepungua. Ule wekundu ni ngozi ya mashamba yenu. Na yale maji yaliyopita kwa kelele ndiyo yaliyopaswa kutoka kimyakimya mwezi wa kumi.

Wazee wangu mnakumbuka kijito hiki kikiwa safi hata wakati wa mvua. Bibi yangu alituambia chemchemi ile ina nyoka mkubwa, na mtu akikata mti pale nyoka atahama na maji yake. Tulimwogopa yule nyoka. Hatukukojoa pale, hatukufua pale, kuni hatukuokota hata zilizokauka zenyewe. Baadaye tukaambiwa ni ushirikina, tukaacha kuogopa. Mimi ni Mkristo na siombi turudi kwenye matambiko. Nasema tu kwamba nyoka alikuwa mlinzi, na alipoondoka hatukuweka mlinzi mwingine.

Naomba niseme na habari ya nyumbani kwetu, kwa maana sitaki mtu adhani nasimama hapa kama msafi. Ile milingoti, yaani mikaratusi, iliyokuwa pale chini ya chemchemi aliipanda marehemu baba yangu, mwaka niliomaliza darasa la saba. Bonde lilikuwa tope tupu, ng'ombe walikuwa wakizama hadi tumboni, na baba alitaka mahali pakavu pa kulima na nguzo za kujengea. Kila mtu alimsifu. Milingoti ikakua kwa kasi tuliyoistaajabia, ikanywa lile tope, bonde likakauka. Baba alifanikiwa katika kile alichokusudia, na mimi ada yangu ya shule ilitoka kwenye ile miti. Miaka ikapita, chemchemi ikaanza kusogea chini. Mama yangu akawa anaifuata, kila mwaka hatua chache, mpaka siku moja alikuta amefika kwenye shamba la watu wengine, akaambiwa achote kwa zamu.

Tumeing'oa ile milingoti mimi na wadogo zangu, na kazi hiyo ilituchukua misimu miwili. Naieleza kwa kirefu kwa sababu wapo wanaojiandaa kufanya hivyo, na nisingependa warudie makosa yetu. Ukikata mlingoti umeukata kichwa tu. Kisiki kinachipua machipukizi matano, sita, na ukiyaacha utakuwa na miti mingi kuliko uliyoikata. Inabidi uyapukuchue kila yanapotokeza, mwezi kwa mwezi, mpaka kisiki kichoke, au umenye gome lake lote hadi kwenye udongo. Tena usikate yote kwa mkupuo. Sisi tulikata mstari mzima wa ukingoni kabla ya mvua, na Desemba ukingo ukaporomoka, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuushika. Mwaka uliofuata tukapata akili: tukapanda kwanza mivengi na mianzi katikati, ikashika mizizi, ndipo tukaiondoa milingoti iliyobaki kidogo kidogo. Mvengi haugombani na maji. Unaota penyewe palipo na unyevu, una kivuli kizito, na matunda yake ya zambarau watoto na ndege wanagawana.

Sijasema chemchemi imerudi kama ilivyokuwa enzi za bibi. Haijarudi. Palipokuwa na vumbi sasa pana unyevu unaoshika nyayo, na matete yameota bila kupandwa. Hicho ndicho nilichokiona kwa macho yangu.

Wala nisieleweke vibaya kuhusu miti ya biashara. Mirunda, nguzo na mbao vimesomesha watoto wa wilaya hii, na mtu mwenye ekari mbili za misindano kilimani ana benki yake. Mti wenyewe hauna kosa. Kosa ni kuupanda mguuni mwa maji, na kuifunika milima yote kwa aina moja mpaka usione hata kichaka cha asili.

Turudi kwa yule mama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria ya nchi na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima; kwenye bonde jembamba kama letu, hizo hatua zinameza kinyungu chote na kupanda hadi mlangoni pa nyumba ya mtu. Na kinyungu si anasa. Babu zetu walilima vinyungu kabla hakujawa na ofisi ya kata. Mahindi ya kuchoma ya mwezi wa kumi, maharage mabichi, mboga wakati ghala limeisha, hayo yote yanatoka kwenye vinyungu. Mwenye shamba kubwa kilimani hana haja navyo. Wanaovitegemea ni wajane, vijana waliooa juzi, watu wasio na ardhi kwingine. Kwa hiyo tunapotekeleza sheria bondeni peke yake, tunawaambia maskini wa kijiji hiki: tunzeni mto kwa niaba yetu sote, na gharama ni yenu.

Hilo ndilo jibu nililokosa siku ile. Mama, faini ilianzia kwako kwa sababu wewe ulikuwa karibu na rahisi kukamatwa. Tuliyemwona kando ya maji tulimpima kwa hatua, na aliyeyazuia maji yasizame kule juu hatukumwuliza chochote.

Najua wazee wengine wana mashaka, na wana haki. Habari za kuhifadhi ardhi zimewahi kuja na kiboko. Kule Uluguru mwaka 1955 watu walifanya ghasia kwa sababu serikali ya Mwingereza iliwaamrisha kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu isiyowaletea chakula. Huku bondeni Usangu, mwaka 2006, wafugaji waliondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu na mifugo yao, na machungu ya jambo hilo bado yanasimuliwa. Lakini nendeni Mbinga mkawatazame Wamatengo. Wanalima kwenye miteremko mikali kuliko yetu kwa ngoro, mashimo yaliyozungukwa na matuta kama sega la nyuki, na mvua ikinyesha kila shimo linadaka ya kwake. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Waliibuni wenyewe, zamani, kwa sababu milima ilikuwa yao na njaa ilikuwa yao.

Kijana mmoja aliniuliza, sisi tulio huku juu tukitunza kijito, anafaidi nani kama si watu wa chini? Swali zuri. Kijito chetu kinaingia mto Ndembera. Ndembera inashuka hadi mashamba ya mpunga ya Madibira, kisha inaingia Ihefu. Pale maji yanapotoka Ihefu, mahali paitwapo Ng'iriama, pana mwamba kama kizingiti cha mlango. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya kizingiti, mto Ruaha Mkuu unatiririka. Yakishuka chini yake, mto unakatika, na tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko wanasongamana kwenye madimbwi ya tope. Yakivuka, yanakwenda Mtera kwenye mitambo ya umeme ya megawati 80, halafu Kidatu megawati 204, kisha yanaingia Rufiji na kulikuta bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ndipo yaende baharini. Tone lililozama kwenye shamba lako linaweza kuwasha taa mara tatu kabla ya kuonja chumvi. Ni kweli watu wa chini wanafaidi. Lakini wa kwanza kulinywa ni wewe, na wa kwanza kulikosa ni wewe pia. Huko chini wana mito mingine inayowasaidia, Mbarali, Kimani, Chimala. Sisi tuna hiki kimoja.

Sasa ombi langu, na naomba liandikwe kwenye muhtasari ili mkutano uliamue.

Kila mwenye shamba kwenye mteremko unaoelekea kijito achimbe makinga maji kabla ya mvua, akifuata usawa wa kilima. Haihitaji mtaalamu. Fito tatu zikifungwa kama herufi A, kamba na jiwe likining'inia katikati, unapata usawa wa kontua bila mashine yoyote. Nimewatengenezea tatu, ziko stoo ya shule. Ukichimba mfereji, udongo utupe upande wa juu, kisha juu ya tuta panda majani ya tembo au guatemala, ng'ombe wako atakushukuru. Asiye na nguvu, mjane au mgonjwa, tumchimbie kwa kiwili, kazi ya kusaidiana, kama tulivyokuwa tukichimbiana zamani. Barabara ya mashine ya mbao nayo tuikate mitaro ya pembeni yenye mashimo ya kutuliza maji, kwa sababu kila masika barabara ile inageuka mto wa pili. Na moto, jamani. Anayeandaa shamba kwa kiberiti upande ule wa kilima aulizwe na majirani zake siku hiyohiyo, asingojewe hadi mkutano.

Wenye vinyungu ndani ya mita 60 wapishe, ila wasipishe mikono mitupu. Napendekeza kila fuso la mbao au mirunda linalotoka kwenye kidakio hiki litoe mchango, kiasi mtakipanga nyinyi, na fedha hiyo iwanunulie wanaopisha miche ya parachichi na mbegu za viazi, tena serikali ya kijiji iwatafutie sehemu kwenye ardhi ya akiba. Hili litahitaji sheria ndogo ipite kwenye mkutano huu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Itachukua muda. Tuanze leo. Na yule mama arudishiwe fedha yake, mimi nitachangia ya kwanza.

La kusafisha mabomba ya dawa kijitoni sitalisemea sana. Tunakunywa maji hayo. Suuzia shambani kwako.

Na mwisho, tupime. Tumezoea kubishana: maji yamepungua, hayajapungua, mwaka ule yalikuwa hivi. Pale kwenye mdomo wa chemchemi tutaweka bomba fupi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, chemchemi inatoa lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku. Ikijaa kwa sekunde 20 ni nusu yake. Simu yoyote ina saa ya kuhesabia. Wanafunzi wa darasa la sita watapima kila tarehe 1 ya mwezi, mahali palepale, ndoo ileile, na kuandika kwenye daftari litakalokaa ofisi ya kijiji. Darasa likipanda linakabidhi kwa wadogo zao. Tukifika Septemba ya mwaka wa tano tutafungua daftari badala ya kugombana.

Nimeleta kamba hii. Ina urefu wa mita 60, na nimeifunga fundo kila mita 10. Mara ya mwisho tulipima kwa hatua, na hatua za mjumbe mrefu si sawa na za mfupi. Hata hilo tulimkosea yule mama. Kesho saa 1 asubuhi nitakuwa pale kwenye mvengi mkubwa. Tutapima bondeni kwanza na kuweka mawe ya mpaka. Tukimaliza tutaendelea kupanda, shamba kwa shamba, hadi mgongoni mwa kilima, na tutaanza na shamba langu. Njooni na majembe.